Wiki ya Saba, Malaba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mistari miwili. Nilipimia kwa choo cha ofisi kabla bosi hajafika. Nikakiweka kile kijiti juu ya tangi la maji, nikageuka ukutani nihesabu mpaka mia. Sikufika hata thelathini. Mstari wa pili ulikuwa mwekundu kabisa, haukuwa na aibu.

Nikakifunga kwa karatasi, nikarudi kwa kompyuta. Kazi yetu ni kuandikia madereva makaratasi ya forodha ili trela zivuke kwenda Uganda. Leo trela tano za mafuta ya kupikia, moja ya vigae. Namba ya kontena la vigae nimeikosea mara mbili. Dereva akasema, "Dada, leo uko wapi?" Nikamwambia niko hapa.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nimekula chapati mbili saa saba.

Sindano ya kupanga uzazi ilikwisha zahanati tangu mwezi wa kumi na moja. Rudi wiki ijayo, wakaniambia. Nikarudi mara tatu. Halafu mume wangu Okwi akaja likizo ya Krismasi. Akaondoka na trela yake tarehe kumi na nne Januari, sasa yuko njia ya Juba.

Ndiyo hivyo.

Jumanne, 4 Februari

Nimepita zahanati kupimwa presha. Mia hamsini na nane juu ya mia na nne. Aliyenipima ni Ochom, yule tabibu mwembamba. Ananijua. Ndiye aliyeniandikia barua ya rufaa ule mwaka wa Ekisa.

Sijawahi kuandika ule mwaka. Niandike basi, liishe. Ekisa alikuwa tumboni miezi minane. Nilikuwa jikoni, nikaona nyota, nikaanguka. Kifafa cha mimba. Majirani wakanitia kijiko katikati ya meno ati nisimeze ulimi. Kikavunja jino moja. Amoit, mkubwa wangu, alikuwa na miaka sita, alisimama mlangoni akaona yote. Niliamka siku ya tatu hospitali ya rufaa, nimepasuliwa, mtoto yuko kwa mashine. Daktari mwanamke akanishika kidole gumba cha mguu, akaniambia: mama, una wawili, inatosha. Mwingine anaweza kukuua. Presha haikushuka tena kabisa. Mpaka leo nameza dawa.

Nikamwambia Ochom nimekosa mwezi. Akaacha kuandika.

"Unajua alichosema daktari," akasema.

"Najua."

Akafunga mlango. Akasema katiba yenyewe inaruhusu kutoa mimba, kama mtaalamu ameona afya ya mama iko hatarini. Na hapa hatari imeandikwa kwa faili, si maneno ya kutunga. Lakini msimamizi wao hataki kusikia hilo neno ndani ya jengo lake. Ochom akiniandikia barua nitaenda mbali, nipange foleni, nirudishwe, nipange tena — na wiki zinatembea.

Halafu akaandika namba nyuma ya kadi yangu ya presha. Ni wauguzi na daktari, akasema, wanaongea na wewe kwa simu mpaka mwisho. Usiende kwa watu wa vichochoro.

Nimefika nyumbani, nimepika mboga. Mama mkwe amesema chumvi imezidi. Imezidi kweli.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepiga. Nilijifungia stoo ya mafaili ya zamani, nikakaa juu ya boksi la mwaka wa 2017. Sauti ya msichana.

"Niite Trizah, mimi ni muuguzi. Uko mahali unaweza kuongea?"

Nikasema niko.

Maswali mengi! Mwezi wa mwisho lini. Tarehe ishirini na saba Desemba. Akahesabu, akasema wiki ya tano inaisha. Una maumivu upande mmoja wa tumbo? Una koili ya kupanga uzazi? Ulipasuliwa mara ngapi? Damu yako huganda sawasawa? Unameza dawa gani? Kutoka hapo ulipo mpaka hospitali inayofanya kazi usiku na mchana ni dakika ngapi, na nani anaweza kukubeba? Hilo la mwisho lilinifikirisha. Nikamwambia kuna mtu wa boda tunamwamini, dakika ishirini. Akataka namba yake iwe kwa simu yangu, na simu iwe na chaji.

Halafu akauliza, "Kuna mtu anakulazimisha?"

"Hapana. Hakuna anayejua."

"Na wewe mwenyewe unataka?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza, hata nilipoolewa. Nikamwambia nataka kulea hawa wawili.

Akasema hilo ni jibu. Lakini kwa sababu ya presha yangu hawezi kuamua peke yake. Nusu saa baadaye akapiga daktari wao, anaitwa Mulama. Anaongea polepole kama mtu anayepanda ngazi. Alinitaka nipige picha kadi ya presha na barua ya hospitali, nimtumie. Akazisoma nikiwa kwa laini, nikimsikia anapumua.

Nikamuuliza, hii dawa inaua?

Hakunicheka. Akasema wanawake wengi sana wameimeza nyumbani huku wanafuatiliwa kwa simu hivi hivi, na matokeo yao yakahesabiwa. Kati ya mia, tisini na tano hivi inamaliza kazi yenyewe. Hao wengine wachache wanasaidiwa tena, kwa dawa au kwa kusafishwa. Wanaopata shida kubwa, ya kulazwa au kuongezwa damu, hawafiki mmoja kwa mia. "Sikwambii ni sifuri," akasema. "Nakwambia kwa mwili wako, hiyo mimba ikikua ni hatari kubwa kuliko dawa."

Ameniongezea dozi ya presha kwanza. Hatatuma kitu mpaka ishuke. Mwishoni akasema ataandika kwa faili sababu yake, na jina lake chini.

Bosi aligonga mlango wa stoo. Nikamwambia natafuta risiti.

Ijumaa, 7 Februari

Vivianne ameshtukia. Tunakaa meza moja miaka minne, hakuna kinachomponyoka. Nilitapika mara mbili asubuhi. Akaniletea ndimu, akasema kwa sauti ya chini, "Na presha yako hiyo, Roselyn?"

Saa nane akavuka daraja kwenda upande wa Uganda kama anayeenda kununua matoke. Akarudi na kikaratasi kimekunjwa, akakisukuma chini ya kibodi yangu. Vidonge vinne vyeupe. Havina maganda, havina jina, havina tarehe. Chaki tupu.

"Ni ya nini hii?"

"Si ni ile. Ukimeza leo, Jumapili umemaliza. Hao wa simu, nilikusikia stoo, watakuzungusha."

Nikamuuliza kama yeye amewahi. Akacheka. "Nilimeza mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. Nikaumwa tumbo siku mbili, nikadhani imeisha. Ndiye huyo Beldina wangu." Beldina yuko PP2 ya chekechea, huja hapa Ijumaa kupaka kalamu makaratasi yetu. Vivianne akaendelea kucheka kidogo, halafu akaangalia dirishani, trela inarudi nyuma inapiga kelele tit tit tit.

Nilivibeba nyumbani. Nimekaa navyo kitandani. Mkono mmoja ulitaka kumeza tu, mambo yaishe. Nikamtumia Trizah picha. Akajibu: "Dada, kidonge kisicho na jina sina la kukuambia juu yake. Kinaweza kuwa chochote. Tafadhali nisubiri."

Nimevitupa chooni. Sikusikia afueni. Sikusikia lolote.

Jumanne, 11 Februari

Presha mia arobaini na mbili juu ya tisini. Ochom ameipima mara mbili, mikono yote. Nimemtumia Mulama. Amejibu neno moja: Sawa.

Okwi alipiga kutoka Nimule, mpakani Sudan Kusini. Joto, vumbi, foleni. Akauliza watoto. Akauliza mimi niko aje. Nikamwambia niko poa. Akasema, "Unameza dawa?" Huuliza hivyo kila mara, haraka haraka, kisha hubadilisha maneno. Nikamwambia nameza.

Alhamisi, 13 Februari

Boksi limefika kwa ofisi ya vifurushi. Dogo, kama la sabuni. Anayetoa mizigo ni mwanakwaya wa kwetu parokiani. Kitambulisho, sahihi. "Mama Amoit, umeagiza nini Nairobi?" Nikasema mafuta ya uso. Akasema ataniona nikiwa mrembo.

Nimelifungulia chooni. Vidonge viko ndani ya maganda, vina majina, vina tarehe ya kuharibika mwakani. Dawa za maumivu pembeni. Karatasi ya Kiswahili yenye picha. Nimepiga picha kila kitu, Trizah amekagua moja moja. Nimeficha ndani ya begi la unifomu ya zamani ya Amoit.

Karatasi nimeisoma mara nne. Inaeleweka. Hilo ndilo linanishangaza — inaeleweka tu, kama karatasi ya kupika keki.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki ya saba na siku moja.

Saa nne asubuhi, kidonge cha kwanza. Trizah alikuwa kwa laini. Nikameza na maji ya kikombe cha Ekisa kile cha plastiki, ndicho kilikuwa karibu. Akauliza, "Umemeza?" Nimemeza. "Unajisikiaje?" Kawaida.

Nimefua. Nimemsuka Amoit. Nimepalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, ardhi ni kavu, jembe linaruka. Nikangoja mwili useme kitu. Haukusema. Mungu naye hakusema. Nilimtegea sikio kweli.

Jumapili, 16 Februari

Naandika vipande vipande. Trizah alisema niandike saa, basi naandika hapa.

Saa tatu. Mama mkwe amewachukua watoto kwenda Misa ya pili. Nimesema kichwa kinaniuma. Ameninong'onea mlangoni, sijui ni sala au ni lawama.

Saa tatu na robo. Vidonge vya pili. Vya maumivu nimetanguliza kama nilivyoambiwa. Pedi kwa kitanda, ndoo, maji, simu ina chaji asilimia tisini na sita. Boda amesema leo yuko stejini kutwa.

Saa tano kasoro robo. Baridi. Natetemeka, meno yanagongana. Nimemwandikia Trizah. Amesema ni dawa, itapita, nijifunike, ikigeuka homa ya kukaa siku nzima nimwambie. Imepita.

Saa tano na nusu. Maumivu. Kama uchungu wa kuzaa ule wa mwanzo, si ule wa mwisho. Nimeuma kanga.

Saa sita. Damu. Nyingi kuliko mwezi. Trizah: "Pedi ngapi tangu saa tano?" Moja, na nusu ya pili. "Sawa. Ukijaza mbili kwa saa moja, na saa inayofuata mbili tena, unaniita na unaita boda, kwa mpigo. Usingoje kuwa na uhakika." Nikasema ndiyo. Akasema rudia nilichokuambia. Nikarudia.

Saa sita na dakika arobaini. Imetoka. Niliona. Ni kidogo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu ambacho hakikuja. Nimeosha, nimekaa chini sakafuni, simenti ilikuwa baridi vizuri.

Saa saba. Maumivu yameshuka. Pedi moja kwa saa.

Saa nane. Wamerudi kutoka kanisani. Nilikuwa nimelala, macho yamefungwa. Nikasikia mtu amesimama. Amoit. Miguu pamoja, nguo ya kanisa, na ameshika kijiko. Hakulia, hakuita mtu. Alikuwa anangoja tu, kijiko tayari mkononi.

Nikamwambia, "Weka chini, mwanangu. Mama yuko mwezini tu."

Hakukiweka. Akakaa kando ya kitanda nacho.

Mama mkwe akachungulia, akasema, "Na nyinyi wanawake wa kwenu Nambale, mwezi nao unawalaza mchana!" Akafunga mlango. Baada ya muda akaleta chai. Haikuwa na sukari, lakini aliileta.

Saa kumi. Presha nimepima na mashine niliyoazima kwa Ochom. Mia thelathini na sita. Trizah amesema nimefanya vizuri. Nimefanya nini? Nimelala tu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeenda kazini. Trela kumi na moja. Damu kama mwezi wa kawaida. Vivianne ameniangalia, nikaitikia kwa kichwa kwamba niko sawa. Akaniwekea mto wa kiti chake mgongoni.

Ati ndiyo hayo tu. Vile watu husema kuhusu haya mambo, nilidhani paa litaanguka.

Jumamosi, 22 Februari

Trizah amepiga. Homa? Hapana. Harufu mbaya? Hapana. Kichefuchefu? Kimebaki kidogo asubuhi. Unalia? Hapana. Akasema kulia si lazima, na nikilia baadaye pia si vibaya, nimpigie. Akaniambia nisipime mkojo mpaka zipite wiki nne, kwa sababu mwili huchelewa kusahau na kipimo husema uongo.

Jumatano, 26 Februari

Nimepima. Sijui kwa nini. Nilipita duka la dawa, mkono ukaonyesha, nikapewa.

Mistari miwili.

Wa pili umefifia, lakini upo. Nimekigeuza kijiti kwa dirisha, upo. Nimekiweka chini, nimekirudia, upo!

Nikamfikiria Beldina anavyopaka kalamu. Nikafikiria nyota za jikoni. Halafu nikaandika makaratasi ya trela mbili za simenti bila kosa hata moja. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Saa sita nikaingia stoo, nikampigia Trizah. Hakunigombeza. Akasema, "Siku kumi tu, dada. Bado ni mapema, hicho kipimo hakituambii kitu." Akauliza yote upya: damu ilivyotoka, matiti, tumbo. Akasema kwa maelezo yangu anaamini imeisha. Lakini bado kuna kichefuchefu, na kwa historia yangu hataki nikae wiki mbili nikikisia. Twende skani, akasema. Alisema twende. Yuko Nairobi, au sijui wapi, lakini alisema twende.

Alhamisi, 27 Februari

Busia. Nimemwambia bosi nimefuata makaratasi ya kontena huko. Kituo cha skani kiko juu ya duka la simu. Benchi limejaa wajawazito, mimi katikati yao na mkoba magotini. Mwanamke wa jumuiya ya mama mkwe alikuwa upande wa pili, ameleta binti yake. Akanipungia mkono, akatabasamu kabisa. Nikapunga.

Ndani giza, mafuta baridi. Kijana wa mashine akasukuma kifaa chake huku na huku. Nikaangalia dari, kuna alama ya maji yenye umbo la kiatu.

"Mji wa mimba uko safi," akasema. "Hakuna kilichobaki."

"Hakuna?"

"Hakuna. Ulipoteza?"

Nikasema ndiyo. Akasema pole, mama. Pole ya kwanza tangu hili jambo lianze, na imetoka kwa mtu asiyejua ananipa ya nini. Nikaipokea. Nikajifuta mafuta.

Nimemtumia Trizah picha. Amejibu: "Imekamilika. Hongera kwa kupita." Daktari naye akaandika nikapate njia ya kupanga uzazi wiki hii hii, nisingoje. Kwa Ochom sindano zimefika sasa. Zimefika!

Nimerudi Malaba saa tisa. Nilinunua ndizi.

Jumamosi, 1 Machi

Jambo la ajabu. Mama mkwe amenipokonya mtungi wa maji. Kanipokonya hasa, mkononi. Akaubeba mwenyewe mpaka jikoni na goti lake lile bovu.

Jioni amemtuma Amoit na mboga ya kunde na karanga: "Mpe mama yako kwanza."

Jumatatu, 3 Machi

Nimejua sasa. Mama mkwe amekuja na stuli yake, akakaa mlangoni, akaanza kuchambua dengu. Akasema Mama Pius, yule wa jumuiya yao, alimwambia aliniona kwa skani.

"Usinifiche, mwanangu."

Mwanangu! Miaka kumi na moja kwa hili boma nimekuwa Mama Amoit, na siku mbaya nimekuwa huyu wa Nambale. Akasema ile Jumapili niliyodai ni mwezi hakuniamini, alijua ni mimba inanilaza. Akasema anajua naogopa kwa sababu ya ile mara ya mwisho. Akasema ameanza novena, sala ya siku tisa. Akasema wakati huu atanipikia bila chumvi mwenyewe, sitashika jembe, na Mungu si katili mara mbili.

Nilifungua mdomo. Mbele yangu ni mama mzee anatoa mawe kwa dengu, na anafurahi. Sijawahi kumwona anafurahi. Ana mwanya, sikuwa najua.

Nikasema, "Mama, usimwambie Okwi. Nitamwambia mwenyewe."

Basi ndiyo nimekubali. Sijasema uongo hata mmoja na tayari nina mimba.

Jumanne, 4 Machi

Sindano. Mkono wa kushoto. Presha mia thelathini na nne. Ochom alisema tu, "Nimefurahi kukuona." Nikamwambia Trizah kuhusu mama mkwe. Akasema hilo hana karatasi yake. Akasema siwajibiki kumweleza mtu yeyote kilichotokea kwa mwili wangu, wala sikatazwi. Akauliza kama nyumbani niko salama. Nikafikiri vizuri kabla ya kujibu. Nikasema ndiyo, niko salama. Sijui kama nimejibu sawa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Ofisi imefunguliwa nusu siku, mtandao wa forodha umekwama, bosi ametuachilia. Mama mkwe amerudi kutoka kanisani na msalaba wa jivu usoni. Nikasema nami nitafunga leo. Akanikemea. Mjamzito hafungi! Akaenda kunikorogea uji wa wimbi.

Saa nane na nusu Okwi akapiga. Amerudi kutoka Juba, ameshuka mpaka Mombasa kubeba mzigo mwingine, sasa anapanda, yuko Gilgil kwa mzani wa kupimia trela.

"Mama alinipigia jana usiku," akasema. "Ni kweli?"

Kwa hiyo hakuweza kunyamaza. Bila shaka hakuweza.

Nikangoja acheke, aseme jina la mtoto, aseme sasa ni msichana. Nilijitayarishia hayo. Nikasikia magari tu, na upepo kwa simu.

"Nimeegesha kando," akasema. "Roselyn, siwezi hata kukanyaga klachi."

"Okwi."

"Ngoja niseme. Ile mara, nilifika siku ya pili. Nikakuta wamekufunga mikono kwa kitanda na bandeji usijiumize. Uso umevimba, sikukujua. Nikatoka nje nikampigia seremala wa Amagoro. Nikampa kipimo chako kwa simu. Urefu wako. Ulipoamka, nikampigia aache, alikuwa ameshakata mbao." Akavuta pumzi. "Sijawahi kukuambia. Ningekuambiaje?"

Nikakaa chini. Ndiyo maana huuliza dawa haraka haraka. Miaka mitatu amebeba kipimo cha jeneza langu kwa trela, kutoka Mombasa mpaka Juba na kurudi, na mimi nilidhani ni mtu wa maneno machache tu.

"Daktari amesema nini?" akauliza. "Hakuna kitu kinaweza kufanywa? Mimi sijali watu. Hata kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Hakuna kitu?"

Kitu kilisogea kifuani. Kidogo. Kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, unachoma. Nikaanza kusema, "Okwi, sikiliza—" nikasikia mtu anampigia kelele asogeze gari.

"Polisi wa mzani. Nakupigia saa kumi. Uniambie ukweli wote, Roselyn, hata kama ni mbaya."

Akakata.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika sita. Nimejaribu kuandika sentensi nitakayoanza nayo. Nimefuta tatu. "Nilipiga simu mahali." "Usiogope tena." Ya tatu hata sioni nilichoandika.

Mama mkwe ameleta uji. Nilidhani ataweka aende. Amevuta stuli. Nimemwambia Okwi atapiga, nitaongea naye ndani. Amesema, hapana, keti, unywe, mimi pia nataka kumsikia mwanangu, utaweka ile sauti ya juu sote tusikie. Jivu limemdondokea puani, hajui. Amoit yuko uani anaimba na Ekisa.

Saa kumi kasoro mbili. Uji una sukari nyingi.

Inaita. Simu iko katikati yetu juu ya meza, na mama mkwe ameshanyoosha mkono kuipokea —